Uvira: faranga ya Burundi ikianguka, nani analipa Kavimvira?

Ukiuliza bei ya nyanya sokoni Uvira, mara nyingi utajibiwa kwa faranga za Burundi. Ukiuliza bei ya nyumba ya kupanga, utajibiwa kwa dola. Mwalimu wa serikali anapata mshahara wake kwa faranga za Kongo. Mama anayeuza ndagala anashika pesa hizi tatu kwa siku moja, na kabla ya jua kuzama lazima ajue kila moja imeamka na bei gani na inalala na bei gani. Akikosea hesabu hiyo, mtaji unapungua hata kama samaki wote wameisha kwenye beseni.

Wengi wanaongea juu ya umaskini wa wakaaji wa Uvira kwa kutaja vita, mafuriko, kolera na barabara mbovu. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna mzigo mwingine ambao hauonekani kwenye picha, kwa sababu uko ndani ya kitambaa kilichofungwa kiunoni: pesa yenyewe. Mji huu unaishi chini ya maamuzi ya benki kuu mbili. Moja iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1.500 kutoka hapa. Nyingine iko Bujumbura, chini ya kilomita 30, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira na Gatumba. Hakuna hata moja inayomhesabu mama wa ndagala inapokaa kuamua.

Jinsi faranga ya jirani ilivyozoeleka

Kijana wa leo anaweza kufikiri kwamba watu wa Uvira wanapenda Fbu kwa mazoea tu, au kwa kukosa uzalendo, kama wanasiasa wengine wanavyosema wakipita mjini. Wazee wanajua zaidi. Desemba 25, 1979, siku ya Noeli, utawala wa Mobutu ulitangaza kwamba noti za zaïre 5 na zaïre 10 hazina thamani tena, na wananchi wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha, kwa kiasi kilichowekewa kipimo. Waliokuwa wameficha pesa chini ya kitanda, mbali na benki, walibaki na karatasi. Miaka kumi na minne baadaye, Oktoba 1993, ikaja zaïre mpya, ambayo moja ilibadilishwa na zaïre milioni 3 za zamani. Mwaka uliofuata, 1994, mfumuko wa bei Zaïre ulizidi asilimia 9.000. Faranga ya Kongo tunayoitumia leo ilianza Juni 1998, na kwa kuizaliwa ikachukua nafasi ya zaïre mpya 100.000 kwa faranga moja.

Katika miaka hiyo, faranga ya Burundi ilikuwa pesa ya jirani ambaye, pamoja na vita vyake vya ndani, noti yake ya asubuhi ilikuwa bado noti jioni. Ilikuwa na chenji ndogo za kununua chumvi na sabuni. Na zaidi ya yote, biashara yenyewe ilikuwa upande ule. Ndagala na mikebuka ya ziwa Tanganyika, mafuta ya mawese kutoka Fizi, vitenge, vyote vilivuka kwenda Bujumbura. Kutoka Bujumbura zilirudi mboga, maharagwe, maparachichi, sabuni, simenti na kreti za bia. Kinshasa haikuwa soko la Uvira hata siku moja. Ni kawaida kwamba mtu anahesabu kwa pesa ya mteja wake.

Kwa hiyo Fbu iliingia Uvira kupitia mlango wa busara. Ilikuwa ulinzi dhidi ya serikali ambayo ilikwisha kuwachoma watu mara tatu. Shida ni kwamba ulinzi huo umegeuka, na aliyeutumia zaidi ndiye anayeumia zaidi.

Kilichotokea Bujumbura

Burundi inauza nje kahawa, chai na dhahabu, na vitu vichache vingine. Inanunua nje karibu kila kitu kinachohitaji injini: mafuta ya gari, mashine, dawa, mbolea. Dola zinazoingia ni chache kuliko zinazotakiwa kutoka. Pengo hilo kwa miaka mingi lilizibwa na misaada. Baada ya mgogoro wa muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza mwaka 2015, Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali Machi 2016, na uliurudisha Februari 2022 tu. Katika miaka hiyo sita akiba ya dola ya Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB, ilikauka.

Benki hiyo ingeweza kuiacha faranga ishuke polepole hadi kufikia bei yake ya kweli. Ilichagua kushikilia bei rasmi. Mwaka 2020 iliondolea ofisi za kubadilisha pesa ruhusa ya kazi, na ikazirudishia 2022. Wakati huo wote dola ilikuwa na bei mbili: moja ya benki, ambayo mfanyabiashara wa kawaida haipati, na moja ya barabarani, ambayo kila mtu anaijua. Mwanzoni mwa Mei 2023 bei rasmi ilisogezwa kwa mara moja, kutoka karibu Fbu 2.090 kwa dola hadi zaidi ya 2.800. Dola ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja kwa siku. Miezi miwili baadaye, Julai 2023, Shirika la Fedha la Kimataifa lilikubali kuipa Burundi mkopo wa zaidi ya dola milioni 260.

Wengi walitegemea kwamba bei mbili zitakutana. Hazikukutana. Barabarani dola iliendelea kukimbia, na kufikia mwaka 2025 bei yake huko ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya benki. Foleni za mafuta Bujumbura zikawa ndefu, magari yakilala kwenye vituo, na bidoni za esansi zikaanza kutoka Uvira kuelekea Burundi. Jambo hilo peke yake linatosha kumwonyesha mtu hali ilivyo: mji wa Kongo ambao hauna kisima cha mafuta wala bomba la kuyaleta, ukawa unauzia esansi nchi jirani ambayo zamani ndiyo ilipitisha mafuta yetu.

Siku kumi za Juni 2023

Kuna tukio moja ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza shida ya Uvira kuliko takwimu yoyote. Juni 7, 2023, BRB ilitangaza kwamba noti za Fbu 5.000 na Fbu 10.000 zilizotolewa mwaka 2018 zinaondolewa. Wenye nazo walipewa siku 10 kuzipeleka benki. Baada ya hapo zingekuwa karatasi.

Sababu iliyotolewa Burundi ilieleweka. Wakubwa wa nchi hiyo, Rais Évariste Ndayishimiye akiwa mbele, walikuwa wakilalamika kwamba pesa nyingi zimefichwa majumbani, nje ya benki. Kubadilisha noti kubwa kwa ghafla ni njia ya kuzilazimisha zitoke. Nchi nyingi zimefanya hivyo. India ilifanya Novemba 2016 kwa noti za rupia 500 na 1.000. Nigeria ilifanya mwisho wa 2022 na mwanzo wa 2023, na matokeo yake watu walilala nje ya benki na Mahakama ya Juu ya nchi ikabidi iingilie.

Lakini tazama tangazo hilo ukiwa umesimama Kavimvira. Noti za 5.000 na 10.000 ndizo noti za biashara. Ndizo zinazofungwa kwenye kitambaa. Mwanamke wa Uvira mwenye Fbu 400.000 za mtaji hana konti katika benki ya Burundi. Hana kitambulisho cha Burundi. Benki za upande wetu hazipokei amana kwa pesa hiyo kwa mtu wa aina yake, na zingekuwa zinapokea, zingezipeleka wapi? Alikuwa na njia tatu tu. Ya kwanza, kumpa ndugu au mteja wa Bujumbura azipeleke kwa jina lake, na kumwomba Mungu arudi. Ya pili, kukimbilia kununua chochote ng'ambo, hata kwa bei ya juu, kwa sababu kila muuzaji alijua haraka aliyo nayo. Ya tatu, kumuuzia mkambisti, yule mbadilishaji wa pesa wa kando ya barabara, kwa bei pungufu, na pungufu hiyo iliongezeka kila siku ya zile kumi.

Benki ya nchi moja ilitoa sheria kwa wananchi wake, na ilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Sheria ikawakuta watu wa nchi nyingine ambao hawakuulizwa, hawakuandaliwa dirisha, na serikali yao wenyewe haikuwa na la kuwaambia, kwa sababu kisheria pesa hiyo haikupaswa hata kuwa mikononi mwao. Mkuu wa benki hiyo wakati ule, Dieudonné Murengerantwari, aliondolewa kazini na kukamatwa Oktoba ya mwaka huo huo. Hilo halikurudisha mtaji wa mtu yeyote Uvira.

Hesabu ya safari moja

Tuchukue mfano, wenye namba rahisi, ili tuone pesa inavyokula pesa.

Mama ananunua ndagala Kalundu alfajiri. Mwenye mtumbwi anahesabu kwa dola, kwa kuwa nyavu, taa na esansi yake vinanunuliwa kwa dola. Mzigo unamgharimu dola 45 pamoja na usafiri na malipo ya mpakani. Anauvusha, anauuza Bujumbura kwa Fbu 300.000. Siku hiyo asubuhi dola moja ni Fbu 6.000, kwa hiyo mkononi ana dola 50. Faida ni dola 5. Kwa familia ya watu saba hiyo ni unga, sombe, mafuta kidogo, na labda kitu cha kuweka kwa ajili ya shule.

Sasa ucheleweshe tu. Mvua imenyesha, barabara ya Gatumba imejaa maji kama ilivyofanya mara nyingi tangu 2020, au foleni imekuwa ndefu mpakani. Anabadilisha pesa kesho yake, na dola imefika 6.300. Zile Fbu 300.000 zimekuwa dola 47 na senti 62. Faida imebaki dola 2 na senti 62. Hakuna aliyemwibia. Samaki wameuzwa wote kwa bei aliyoitaka. Karibu nusu ya kazi ya siku mbili imeyeyuka kwa sababu pesa iliamka vibaya.

Mfanyabiashara mkubwa anajikinga kwa urahisi. Akisikia faranga inashuka, anaibadilisha yote saa ile ile, au anaigeuza kuwa bidhaa: simenti, sabuni, bia, vitu ambavyo haviozi. Ana watu wa kumpigia simu. Mama wa ndagala anabadilisha kiasi kidogo, kwa hiyo anapewa bei mbaya zaidi kuliko ya mtu wa jumla. Na hawezi kuacha kuuza siku ambayo bei ya pesa ni mbaya, maana samaki hawangoji.

Anachofanya ni kupunguza. Anapunguza mzigo, kisha anapunguza mchango wake katika likelemba. Hapo ndipo shida ya mmoja inakuwa ya kumi, kwa sababu likelemba inaishi kwa kila mtu kutoa kiasi kile kile kwa siku ile ile. Vikundi vingi vya akiba vina sanduku lenye funguo tatu ili mtu mmoja asilifungue peke yake. Funguo tatu hazizuii thamani ya noti kutoka.

Wapo wanaofaidika

Tusidanganyane, kushuka kwa Fbu kuna watu kunawafurahisha. Mkaaji wa Uvira mwenye mshahara wa dola, kama mfanyakazi wa shirika la kimataifa, anavuka Bujumbura na anakuta hoteli, bia, hospitali na ada za shule vimekuwa rahisi. Mboga na maharagwe ya Burundi yanashuka bei upande wetu kwa yule anayelipa kwa dola au kwa faranga za Kongo. Kwa mama wa nyumbani asiye na biashara ya kuvuka, hiyo ni nafuu ya kweli.

Mkulima wa bonde la Ruzizi haioni hivyo. Sange, Luberizi, Kiliba, huko kuna ardhi nzuri ya mpunga, mahindi, nyanya na vitunguu, na maji ya mto. Nyanya zake zinakutana sokoni na nyanya za Burundi ambazo zimekuwa rahisi kwa sababu ya benki, wala si kwa sababu ya jembe bora. Yeye mbegu, dawa za wadudu na mbolea ananunua kwa dola. Na Kiliba ile ile ilikuwa na kiwanda cha sukari ambacho kilifungwa na vita vya 1996, na tangu hapo sehemu kubwa ya watu wa bonde inategemea kuuza mazao mabichi, bila kiwanda cha kuyaongezea thamani. Mazao mabichi ndiyo yanayoumia kwanza pesa ya jirani ikianguka.

Na wakambisti? Wengi wanawalaumu, na wengine wana sababu. Lakini mkambisti wa Kavimvira mwenye meza ya mbao na mwavuli naye anabeba noti ambazo usiku zinaweza kushuka. Pengo kati ya bei yake ya kununua na ya kuuza ni bima yake. Kadiri faranga inavyotikisika ndivyo pengo linavyopanuka, na anayelilipa ni yule anayebadilisha kidogo kidogo. Kumkamata mkambisti, kama polisi wanavyofanya mara kwa mara, kunafanya pengo lipanuke zaidi kesho yake.

Ushuru ulioondolewa na malipo yaliyobaki

Kwenye karatasi, mpaka huu ungekuwa mwepesi. Burundi, Rwanda na Zaïre ziliunda CEPGL mwaka 1976 ili watu na bidhaa wapite. Kongo na Burundi zote ni wanachama wa COMESA, ambayo ina utaratibu mwepesi wa biashara ndogo: mzigo ulio chini ya kiasi fulani cha dola na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa hupita bila ushuru wa forodha. Burundi iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo ilikubaliwa Machi 29, 2022.

Sheria yetu wenyewe ni nzuri pia. Amri ya Machi 28, 2002 inaruhusu huduma nne tu za serikali kufanya kazi mpakani: forodha, yaani DGDA ya sasa, OCC inayopima bidhaa, DGM ya uhamiaji, na huduma ya usafi na afya. Kila anayevuka mpaka mahali popote mashariki mwa Kongo anajua kwamba anakutana na watu zaidi ya wa huduma nne. Utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa 2011 juu ya wafanyabiashara wadogo wa Maziwa Makuu ulieleza hayo wazi: wengi wao ni wanawake, wengi hawajui haki zao, na malipo yasiyo na risiti pamoja na matusi na kushikwashikwa ni sehemu ya safari.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi sana katika semina za biashara ya mpakani. Msamaha wa ushuru unahesabiwa kwa dola. Malipo yasiyo na risiti yanahesabiwa kwa noti iliyoko mkononi. Fbu ikishuka, yule anayedai Fbu 2.000 kwa kila beseni kesho anadai 3.000. Malipo haya yanajua kufuata bei ya dola kuliko mishahara ya serikali inavyoifuata.

Tulikwisha kuona pia inakuwaje mpaka ukifungwa kabisa. Burundi ilifunga mipaka yake Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, na watu wa Uvira walingoja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuvuka tena kwa njia ya kawaida. Walioishi kwa kuvuka kila siku walikula mtaji. Wengi waliorudi barabarani 2021 walirudi kwa mkopo.

Mwaka 2025 Kivu ilikatika

Hadi mwanzo wa 2025 Uvira ilikuwa na mlango wa pili: barabara ya taifa namba 5 kwenda Bukavu, kupitia Kamanyola. Haikuwa nzuri, ila ndagala ilipanda nayo na bidhaa zilishuka nayo, na biashara hiyo ilifanyika kwa faranga za Kongo na dola. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Benki za miji hiyo miwili zikafungwa. Serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi, wengine wakivuka Ruzizi kwa kuogelea.

Kwa biashara, maana yake ilikuwa kwamba Uvira ilibaki na Bujumbura na ziwa. Mji uliokuwa na wateja pande mbili ukaegemea zaidi upande ule ambao pesa yake ilikuwa ikianguka. Boti za kutoka Kalemie na Kigoma zilisaidia, lakini bandari ya Kalundu yenyewe ilikuwa imeteswa na maji ya ziwa yaliyopanda mwaka 2024, na mizigo mikubwa haikuja kila siku.

Oktoba 2025 likatokea jambo lililowachanganya watu zaidi. Faranga ya Kongo, ambayo ilizidi kushuka tangu 2023, iligeuka ghafla. Baada ya Benki Kuu, chini ya mkuu wake mpya André Wameso, kuuza dola sokoni na kubana faranga, dola iliyokuwa karibu FC 2.900 iliteremka hadi chini ya 2.500. Kinshasa ilishangilia. Mwalimu wa Uvira aliyelipwa kwa FC alitegemea kushangilia pia. Lakini bei za vitu sokoni hazikuteremka kwa kasi ile ya dola, kama ambavyo bei hazijawahi kushuka hapa kwa haraka zilivyopanda. Mwenye dola chache za akiba alijikuta zinanunua kidogo zaidi. Na mama wa ndagala alipata kitu kipya cha kuhesabu: Fbu inashuka, FC inapanda, dola imesimama katikati, na deni lake liko kwa pesa ipi?

Nini kinawezekana

Jibu kubwa liko Arusha. Nchi za Afrika Mashariki zilitia sahihi mkataba wa pesa moja huko Kampala Novemba 30, 2013. Pesa hiyo ilitakiwa kuanza 2024. Tarehe ikasogezwa hadi 2031. Kwa nchi ambayo bei rasmi ya dola na ile ya barabarani zimeachana kama za Burundi, na nyingine ambayo watu wake wanaweka akiba kwa dola, hata 2031 ni karibu mno. Sioni mtu wa Kavimvira akipanga maisha yake juu ya tarehe hiyo.

Jibu la pili, linalopendwa na viongozi, ni kukataza. Tanzania iliweka Machi 2025 kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipana ndani ya nchi kwa pesa za kigeni. Tanzania ina shilingi inayoaminika na benki katika kila wilaya. Kukataza Fbu Uvira bila kuleta noti ndogo za FC za kutosha, zisizochanika, ni kumkataza mtu kurudisha chenji. Noti yetu kubwa kuliko zote, ya FC 20.000, haikufika dola 10 mwaka 2025, na zile ndogo nyingi zimechoka hadi wauzaji wanazikataa.

Kuna mambo madogo ambayo hayangojei Arusha. Bei ya siku ya pesa zote tatu ingeweza kusomwa kila asubuhi kwenye redio za mji, kutoka kwa wakambisti wenyewe, kwa sauti, ili mwanamke wa Kasenga aijue kabla hajafika kwenye meza. Sasa hivi anayeijua kwanza ndiye mwenye simu na rafiki Bujumbura. Benki na vikoperativa vya Uvira vingeweza kuruhusiwa kupokea Fbu za wafanyabiashara wadogo waliosajiliwa, kwa makubaliano kati ya BCC na BRB. Benki mbili zilizo na wataalamu wa kutosha wa kusogeza bei ya dola zina wataalamu wa kutosha wa kufungua dirisha moja Kavimvira. Na siku Burundi itakapobadilisha tena noti, maana hakuna aliyeahidi kwamba haitabadilisha, dirisha hilo lingekuwa mahali pa kuzipeleka.

Wakati hayo hayapo, watu wanajitungia sheria zao. Katika vikundi vya akiba wengine wanakubaliana kuhesabu michango kwa dola hata kama wanatoa Fbu, kwa bei ya siku ya kikao. Wengine wameacha kuweka pesa kabisa na wanagawana bidhaa: mfuko wa unga, bidoni ya mawese, kitenge cha wax. Mawese hayashuki usiku. Ila yanamwagika, yanaibiwa, na hayalipi ada ya shule mpaka yauzwe, na yakiuzwa Bujumbura, yanalipwa kwa faranga ile ile.